Nilivyohamisha paka kutoka Basotu hadi Tumati, watu wakadhani nimekimbiwa na mke

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeona na mimi nitoe langu. Chumvi sijaongeza. Kuna sehemu nimepunguza, kwa sababu ya aibu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu ni Songea, ila nimefundisha Basotu miaka sita. Mke wangu ni nesi. Mwaka huu alihamishiwa zahanati moja kule Tumati, upande wa Mbulu, nami nikaomba uhamisho kumfuata.

Kibali changu kikachelewa. Yeye na binti yetu Nuru, miaka saba, wakatangulia ili mtoto awahi shule.

Nikabaki mimi, vyombo na paka.

Paka ni wa Nuru. Alimwokota jalalani akiwa hajafungua macho vizuri, akamlisha maziwa kwa kijiko, akampa jina la Mpenzi. Tulimbembeleza abadilishe, akagoma. Mimi nilikuwa namwita "wewe", na tuliishi kama wapangaji wawili waliokosana.

Siku anaondoka Nuru hakulia. Alinishika mkono akasema, "Baba, kama huji na Mpenzi, usije."

Mama yake akacheka. Mimi nilimwangalia Nuru usoni nikaona huyu hatanii.

Siku yangu ya kuhama ikafika, Jumamosi asubuhi. Jirani yangu, Mama Paulina, akaja na ushauri: "Mwalimu, paka akiona njia atarudi. Mtie kwenye kiroba, mzungushe mara saba, ndipo umpakie."

Wakuu, nina digrii. Ila nilizunguka. Mzunguko wa nne nikashika ukuta, kizunguzungu changu mwenyewe. Paka kimya ndani ya kiroba, ananisubiri nimalize.

Nilikodi pick-up ya Mzee Tluway, mzee wa kanisa, mtu asiyetaka muziki wala soga. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza, "Hicho kiroba kina nini?"

"Paka, mzee."

Akakitazama kiroba. "Nimebeba ng'ombe, nimebeba jeneza. Paka sijawahi." Akawasha gari.

Sasa kosa langu ni hili. Huwezi kutoka Basotu, penye ziwa, ukaenda kwa watu mikono mitupu. Nilinunua perege wa kukaangwa, ndoo ndogo nzima, nikaiweka miguuni kwangu. Kiroba nacho miguuni kwangu.

Nadhani mmeshaelewa.

Mpaka Haydom paka alilia mfululizo, sauti ya mtu anayedai haki yake. Tulipoipita Haydom kuelekea Dongobesh akanyamaza ghafla. Mzee akasema, "Afadhali, amelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa anatoboa kiroba.

Kilitoka kichwa, kikafuata kiwiliwili, akazama kwenye ndoo. Mimi kwa haraka nikamshika mkia. (Msije mkamshika paka mkia ndani ya gari. Nimemaliza.) Akanichana mkono, akapaa, akatua juu ya kofia ya Mzee Tluway na kucha zote nje.

Mzee alifunga breki, akafungua mlango akaruka. Paka naye akaruka. Nilipofika nje nikaona mkia tu unaingia kwenye shamba la alizeti.

Hapo ndipo jina lilipoanza kunitesa.

Piga picha: mwanaume mzima, shati limechanika, mkono unatoka damu, anazunguka kwenye alizeti anapaza sauti, "Mpenziii! Rudi Mpenzi! Sitakushika tena!"

Wakatokea wanaume wawili wachungaji (wa ng'ombe, sio wa kanisa). Mmoja akanipa pole kwa upole sana. "Amekimbia saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Amevaa nini?"

"Hajavaa kitu."

Wakatazamana. Yule wa pili akavua shuka yake akanipa, akasema nikimpata nimfunike, haya mambo huzungumzwa nyumbani na wazee.

Mzee Tluway, aliyekuwa anafuta damu kwenye paji la uso, ndiye aliyewaambia ni paka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Wakanisaidia kutafuta. Tukamkuta nyumba ya pili kutoka barabarani, amelala mapajani kwa bibi mmoja kama amezaliwa pale.

Nikaamkia, nikajieleza. Bibi hakumwachia. "Panya wamenimalizia mahindi. Nimeomba, paka amekuja mwenyewe. Kama ni wako, mwite."

Nikamwita, mara tatu, mbele ya watu. Paka akageuza uso upande wa pili.

Wakuu, nilitoka jasho. Nikafikiria Nuru anasimama mlangoni, nashuka na kiroba kitupu.

Nikaomba nimpigie mwenye paka. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu tu, basi tukahamia kichuguuni wote, bibi na paka wake. Nikaweka sauti ya nje, nikamwambia Nuru azungumze.

Akasema, "Mpenzi? Mpenzi, njoo. Usiogope gari. Na mimi huku naogopa, sina mtu wa kucheza naye. Shuleni wananicheka nikiongea. Njoo tuwe wawili."

Paka alisimamisha masikio, akaruka kutoka mikononi mwa bibi, akaja kunusa simu.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa naongea na mtoto huyo kila siku jioni. Namuuliza habari za shule, naambiwa "nzuri, baba", nakata simu.

Bibi akasema, "Mchukue, mwanangu." Mzee Tluway akamwambia kwake kuna paka amezaa, wiki ijayo atampitishia mmoja. Na alimpelekea kweli, nimeuliza.

Safari iliyobaki paka alikaa mapajani kwangu, amefungwa kwenye sweta, anakula perege. Wenyeji wetu walipata ndoo na harufu.

Tulipofika Nuru alimpokea Mpenzi, mimi nikaambiwa nishushe vyombo.

Jumatatu nilimsindikiza shule kwa miguu. Njiani nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Kidogo." Mbele kidogo akasema, "Sana." Nikaingia naye mpaka darasani, nikaongea na mwalimu wake. Siku hizi kuna mwenzake anayeitwa Elina, wanakuja kumsumbua paka pamoja.

Nilichojifunza: tunapohama tunafunga vyombo, tunahesabu magodoro, tunamuuliza hata dereva kama yuko sawa. Mtoto tunamwambia tu "panda".

Karibuni mchangie. Mwenye uzoefu wa kuhamisha paka, au mtoto, aje atushauri.