Mwalimu wa sauti aliyekatazwa kusema

Saa nane mchana, ukumbi wa chuo una joto na feni moja tu ndiyo inayozunguka, nayo kwa kujivuta. Vijana kumi na wanne wako jukwaani. Mwalimu wao wa maigizo amekaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki, kitambaa shingoni, ubao mdogo wa kuandikia mapajani. Hasemi neno.

Wanafunzi humwita Bi Tumbo, ingawa mwenyewe ni mwembamba wa kuonewa huruma. Jina limetokana na wimbo wake wa miaka ishirini na sita: "Sauti itoke tumboni, koo liipishe tu." Lakini mganga hajigangi. Yeye amefundisha kwa koo, madarasa ya watu arobaini, bila kipaza sauti, mashine za kiwanda jirani zikinguruma.

Mwezi uliopita daktari alimwonyesha picha ya uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akampa miezi miwili ya kunyamaza, hata kunong'ona marufuku. Akikaidi, sauti huenda isirudi tena.

"Nilidhani atanipa dawa ya kusukutua," anaandika kwenye daftari, maana mahojiano haya yote ni ya kalamu. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka hata kuandika kwamba nimechoka."

Angekaa nyumbani, ila onyesho limebakiza siku tisa, na kwa vijana hawa ndio mtihani wa mwisho. Aliomba msaidizi, akaambiwa asubiri. Basi anaongoza kwa ubao, na ubao una visa vyake.

Juzi walikuwa kwenye tukio la mke kumpokea mumewe kwa ua. Msichana anayeigiza mke akalisahau mezani. Mwalimu akainua ubao: UA. Msichana akasoma, akashtuka, akadhani mchezo umebadilishwa. Akamrukia mumewe na kumkaba koo. Mume naye, kijana mtiifu, akafa, tena akafa vizuri kuliko alivyowahi kuigiza chochote.

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu akauma kitambaa, machozi yakamtoka.

"Walidhani nacheka. Nililia," anaandika. "Neno moja tu la mdomo, 'lichukue', lingetosha."

Nyumbani, binti yake mwenye mimba ya miezi minane ndiye anayempokelea simu na kumjibia wageni. Wiki iliyopita alimkalisha chini. Alimwambia aache kazi, wanafunzi watafaulu tu, Mungu yupo.

"Mimi nataka mwanangu amsikie bibi yake akimwita," anasema binti huyo. "Sitaki aje kuhadithiwa."

Jukwaani, sauti ya yule mke inaanza kufifia. Bi Tumbo anasimama, mdomo wazi. Vijana wote wanageuka kumtazama. Anaufumba, anajipiga tumbo kwa kiganja mara mbili, kisha anakaa. Msichana anavuta pumzi na kurudia, na safari hii maneno yanafika hadi mlangoni.

Barua ya kuacha kazi iko tayari kwenye mkoba wake. Ataipeleka kwa mkuu wa chuo kesho yake baada ya onyesho, kisha aende kunyamaza sawasawa. Anapoulizwa kama hatajuta, anaandika taratibu na kuligeuza daftari lisomwe.

"Sauti hii nimewapa watoto wa wenzangu mpaka imechanika. Kilichobaki, hata kiwe cha neno moja, ni cha mjukuu wangu."