Mama Mkwe Hatazamwi Usoni

Niligundua mimi ni kiziwi nikiwa na miaka hamsini na kitu, hospitalini, mbele ya mtaalamu wa masikio aliyeshika faili. Alitamka maneno kumi, nikayarudia yote. Akaficha mdomo kwa lile faili, akatamka mengine kumi. Nikapata mawili, na moja nilibahatisha.

"Mzee, masikio yako yameondoka siku nyingi," akasema baada ya kulishusha. "Umekuwa ukisikia kwa macho."

Nilikasirika, nikaona ananichezea. Akaeleza kwamba ubongo unachukua sauti inayofika na mdomo unaouona, unavipika sufuria moja, na wewe unayekula hujui kipi kilitoka wapi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa kwenye mashine za kuchambua pamba kule Nyakato, tukiongea huku tunatazamana midomo, nikajiona nasikia kuliko wenzangu wote. Kumbe mashine zinakula masikio, macho yanaziba pengo. Nilirudi nyumbani Kiseke na kifaa cha sikioni. Kuku na pikipiki nikawasikia vizuri sana, maneno ya watu yakabaki uji.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mama mkwe alifiwa na mumewe, akaja kuishi nasi, na kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Vijana wa siku hizi wanapiga naye picha. Sisi hatukulelewa hivyo. Akipita unainama. Akiongea anakupa mgongo, au anajifunika khanga, tena kwa sauti ya chini, ndiyo heshima. Mke wangu naye, mwalimu, alikuwa amepelekwa kufundisha Ukerewe, anarudi shule zikifungwa tu. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe: yeye chumba cha uani na jiko lake, mimi barazani.

Ningemwambia kwamba sisikii. Sikumwambia, niliona aibu. Mwanaume aliyempa binti yake, leo hana masikio! Basi kila sauti yake ilipofika nilitazama miguu yangu nikajibu, "Sawa, mama." Niliona hakuna jibu salama kuliko hilo, mjinga mimi.

Shule zilipofungwa mke wangu alifika mchana, akapitiliza uani kumsalimia mama yake. Aliporudi barazani alisimama mbele yangu ili nimwone vizuri. Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja.

"Mama chakula hakishuki! Mwezi wa pili huu, akimeza kinarudi. Anasema amekuambia mara tatu umpeleke hospitali, unamjibu sawa, halafu unakaa. Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mbona hakukupigia wewe simu?"

"Amesema, 'Nimeshamwambia mwenye nyumba, akasema sawa. Nimwambie nani tena?'"

Nilitaka kupiga ukuta. Nilimkasirikia mama mkwe na khanga yake, wazee waliotulea hivyo, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu aibu ilikuwa yangu na maumivu yalikuwa ya mtu mwingine. Nikachukua kigoda, nikaenda uani, nikakiweka mbele yake kabisa. Mke wangu alinivuta shati. Nikakaa.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Masikio yangu yamekufa, nisipouona mdomo wako sipati kitu. Sijawahi kukusikia hata siku moja."

Mkono wake ukapanda, ukaishusha khanga, nami nikainua macho.

Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shingo ilikuwa mishipa mitupu. Miezi miwili nimekaa hatua kumi kutoka kwake, na yule anayetuletea mkaa, ambaye hamjui hata jina, angeliona jambo hilo kwa kumtazama mara moja tu.

Midomo yake mikavu ikafunguka taratibu.

"Baba," alisema, "nilidhani unaniambia sawa, nife tu."

Niliyasikia yote, neno kwa neno.