Maksai wa Mwalimu wa Kwaya

Kwaya ya kanisa letu hapa Kenyamonta iliwahi kuniomba, kwa upole na kwa kauli moja, niache kuimba nihamie kupokea wageni mlangoni. Sikukasirika. Haya, kusema kweli nilikasirika wiki nzima, hasa kwa kuwa mwalimu wa kwaya alikuwa mume wangu na ndiye aliyetumwa kunipa habari. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama watoto," akasema, "sauti yako Mungu ameshaizoea, waumini bado." Siku hiyo hakunywa chai nyumbani kwangu.

Ninalisema hili mapema ili mjue nilikuwa nimebeba nini siku nilipolazimika kuimba.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kuugua muda mfupi. Akaniachia watoto watatu, mama yake mzazi, shamba, na maksai wawili: mmoja mwekundu, mwingine wa madoa. Mimi ni mtoto wa Turwa, mjini Tarime. Plau nilizoea kuiona ikipita tu. Mvua zilipoanza, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja kunilimia. Maksai wakagoma. Aliwafunga nira, akapiga miluzi, akawatukana, akawachapa mpaka fimbo ikakatika. Walikwenda hatua tatu wakasimama. Siku ya pili yule wa madoa alilala kabisa, nira ikiwa shingoni.

"Shemeji," akaniambia huku akijifuta jasho, "ng'ombe asiyelima ni nyama. Jumatano nakuja kuwachukua. Alhamisi wako mnadani."

Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Lakini maksai wakiondoka shamba lisingelimwa, na shamba lisipolimwa watoto wasingekuwa na chakula. Ningefunga nyumba ya mume wangu kwa kufuli na kurudi Turwa kwa mama yangu na mabegi. Nilijaribu jembe la mkono. Kwa siku nzima nilipata malengelenge manne na kipande cha ardhi kinachotosha kitanda.

Na Mungu tulikuwa hatusemezani, upande wangu angalau. Jumapili ile mama mkwe alipoaga kwenda kanisani nilimwambia, "Mama, tangulia. Mimi nikifika huko leo nitasema maneno ambayo mchungaji hatayapenda." Akanitazama, akachukua Biblia yake, akaenda.

Nikabaki nje nachambua maharage kwa hasira. Kanisa liko bondeni, na spika zake zinaingia kila nyumba, upende usipende. Kwaya ikaanza wimbo alioutunga mume wangu. Nilikuwa nainuka nikajifungie ndani nilipowaona maksai. Walikuwa wamefungwa kwenye vigingi, wanacheua. Sauti za kwanza ziliposikika wakasimama, wakaanza kutembea bega kwa bega, vichwa chini, mpaka kamba zikakaza. Kikaingia kibwagizo: *Geuka nyuma uone, Bwana alikokutoa.* Wakageuka wote wawili kwa pamoja, wakarudi walikotoka.

Walikuwa wanalima! Bila plau, bila mtu, tena siku ya Bwana.

Nilicheka mpaka ungo wa maharage ukaniponyoka. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Miaka yote mume wangu alikuwa akifanyia mazoezi ya kwaya shambani, nyuma ya hao ng'ombe, na kwao wimbo ule ndio kazi yenyewe. Wasipousikia, kazi haijaanza. Shemeji alikuwa amewaonea bure.

"Sawa, nimeelewa," nikamwambia Mungu, neno la kwanza baada ya wiki nyingi. "Lakini kwa nini mwimbaji awe mimi?"

Jumatatu asubuhi tukaingia shambani. Mama mkwe, gumbuti miguuni, alishika kamba mbele. Mimi nikashika plau. Nilianza na ujanja: nikaweka wimbo wa kwaya kwenye simu, simu nikaitia kifuani. Maksai wakaondoka vizuri sana. Kisha mama yangu akapiga kutoka Turwa kuniuliza kama nimeshafungasha, na maksai wakasimama kama vile na wao wanasubiri jibu. Baada ya hapo chaji ikaisha.

Basi nikaimba. Jamani, niliimba! Wanawake waliotoka kisimani waliweka ndoo chini. Bodaboda ilisimama barabarani na abiria wake. Mara ya kwanza niliwahisha kibwagizo, maksai wakageuka katikati ya shamba na kunifunga mimi na plau kwenye minyororo yao. Mama mkwe alicheka akashika magoti. Nilikuwa nimejaa tope na nina furaha isiyo na adabu, mjane mzima napayuka mbele ya watu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kila mfuo, beti mbili zilitufikisha kupita kidogo tu katikati ya shamba. Hapo maksai walisimama wakatega masikio. Nikirudia ubeti wa kwanza, hawajongei. Nikiimba kibwagizo, wanageuka. Ule upande wenye uzio wa mkonge haukuguswa Jumatatu, wala Jumanne.

"Mama, kuna ubeti wa tatu?"

"Kwaya inaimba mbili," akajibu, akaanza kukagua gumbuti lake.

Jumatano shemeji alifika na kamba mkononi, akatukuta tumesimama palepale. Akatazama mistari yangu iliyopinda, akatazama upande usiolimwa. "Shemeji, nimekuonea huruma, lakini ng'ombe wa kulima nusu ni nusu ng'ombe." Akawafunga kamba kwenye pembe, akavuta.

Hapo mama mkwe akapaza sauti. Alikuwa analia kabla hajaanza. Aliupandisha wimbo juu, mahali ambapo sijawahi kuusikia ukifika:

*Na mke wangu, Bwana, mwenye sauti ya kinu,*
*siku nikinyamaza mimi, uimbe naye wewe.*

Maksai wakaondoka. Shemeji, kamba ikiwa imezungushwa mkononi, akaondoka nao, anakimbia kinyumenyume kuelekea kwenye mkonge huku akipiga kelele. Nikaishikilia plau, ardhi ikafunguka, nami sioni mbele kwa machozi na kicheko. Sauti ya kinu! Mume wangu alikuwa akinisengenya kwa Mungu kila siku ya kilimo, na huku ananiombea. "Nilikuficha, mwanangu," mama mkwe aliniambia akihema. "Niliogopa utaumia. Alikuwa anauimba huku shambani tu."

Tukafika ukingoni. Maksai wakasimama wakisubiri kibwagizo, na hakuna aliyeweza kukitoa. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya udongo. Mimi nilifungua mdomo, sauti haikutoka hata ile mbaya.

Shemeji aliifungua kamba mkononi mwake. Kanisani hajaingia tangu siku alipofunga ndoa. Akatutazama, akawatazama ng'ombe wa kaka yake, akasafisha koo.

"Geuka nyuma uone," akaanza, kwa sauti ileile ya kuitia ng'ombe.

Maksai wakageuka.