Kiwiko cha Askari wa Getini

"Mama, mara ngapi nikwambie usinisimamie kulia?" askari wa geti la soko alikuwa anafoka asubuhi moja, na muuza mashuka akamjibu papo hapo. "Kwani huko kulia umezika hazina?" Hazina yenyewe ilikuwa bastola. Kila siku kiwiko chake cha kulia kiliibana kiunoni kama kuku anayeatamia; chai alipokea kwa kushoto, salamu kwa kushoto, hata nzi alimfukuza kwa kushoto, mpaka wanawake wa sokoni wakamwita Mashoto.

Asubuhi hiyohiyo, mtu aliyezuiwa kuingia na pikipiki alimrukia. Alimshindilia ngumi za uso, kisha akapeleka mkono kuinyakua bastola. Askari hakurudisha hata kofi. Aliifunika silaha kwa viganja viwili, akajikunja juu yake, akapigwa tu. Watu walitazama kama sinema. Muuza mashuka akawaza: ikichomoka ile, risasi haichagui mteja. Akanyakua shuka, akamfunika yule mtu kichwa, akamvuta nyuma.

"Bastola niachie mimi, mama! Mshike mikono!" askari alipiga kelele.

"Nyie wanaume, mmekuja kutalii? Shikeni mikono!"

Ndipo wakamvamia, wakamlaza chini.

Pingu zilishafungwa, lakini vidole vya askari bado vilikataa kubanduka kwenye mfuko wa bastola. Akalitazama shuka, limechanika, limejaa vumbi.

"Nitakulipa, mama."

"Unilipe nini, na mdomo umepasuka hivyo?" Akachana kipande cha shuka hilo, akampangusa damu kidevuni. "Shuka nimesamehe. Haya, pumua."