Mafahali Wawili Ndani ya Chupa

Bibi Jiki hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwenye shamba la uyoga, alikoosha chupa za mbegu kwa jiki, dawa ya kung'arisha nguo, kwa miaka saba kana kwamba mtoa roho mwenyewe angepita kukagua. Mtaalamu wa shamba, kijana wa kumzaa, alimfunza sheria moja tu: mbegu isichanganywe na kitu.

Basi kijana huyo alipokwenda kumuuguza mama yake, akaacha safu mbili za chupa na karatasi: "A na B zikutane, ndipo upande." Bibi Jiki akaguna. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Akapanda A peke yake kwenye mifuko mia sita ya pumba, B akaimwaga.

Siku ya thelathini mifuko ilikuwa myeupe kama sanda, uyoga hakuna hata kichwa. Akawa anaingia chumba cha uyoga kwa kunyata, kama mwizi wa nguo kwenye kamba. Nyumbani, wifi yake alimuuliza mbona anakula huku akitazama mlango. Akasema mafua.

Mtaalamu akapiga simu: mwenye shamba angefika baada ya siku kumi na mbili.

"Mwanangu," alisema Bibi Jiki, "B nimeimwaga."

Mtaalamu akamweleza polepole. Kila chembe hai ya A ina kiini kimoja. Ni mseja, atatambaa mpaka azeeke bila kuzaa. Sharti aungane na B, viini vya koo mbili vikae ndani ya chembe moja, bila ukuta, bila kumezana. Hapo ndipo uyoga hutoka.

"Na mafahali je?"

"Mama, hawa wanataka zizi moja. Tafuta B hata chupa moja. La sivyo, ufunguo wa chumba hicho utaurudisha, na mimi wangu."

Aliipata nyuma ya ndoo ya sabuni, bado ina mbegu: chupa pekee aliyowahi kusahau kuosha maishani. Akatia punje chache katika kila mfuko, mmoja mmoja, akiomba msamaha asijue kwa nani.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili gari la mwenye shamba lilinguruma getini. Bibi Jiki akafungua mlango wa chumba macho kayafumba. Akafumbua moja. Kwenye mfuko wa karibu vilichomoza vichwa vinne, vidogo kama vya njiti za kiberiti.

"Mnapatana humo?" akanong'ona, akaurudisha mlango taratibu, asije akawagombanisha.