Siku niliandika jibu langu mu ekzame ya Bauma

Mutanicheka, najua, na muko na haki: mpaka leo nikipita mbele ya ile nyumba ya masomo ya Masisi nageuza uso, kama vile siioni. Ilikuwa miaka ya sitini, nikiwa mwalimu kwetu Muheto (mwalimu mwenye kravati moja ku shingo na majivuno mingi). Bauma, mutoto wa kwanza wa mulima wetu kufika univerisite, alikuwa kipofu, akisoma sheria. Wakati wa ekzame malaria ilimulaza, njo profesa mumoja mwenye kupita Masisi akakubali kumupa ekzame mu ile nyumba ya masomo: mimi nimusomee maulizo, niandike majibu yake. Akikosa, masomo imeisha.

Watu wakajaa ku madirisha, mama yake mbele, wanafunzi wangu nyuma yake. Nikasoma ulizo la mwisho: mapatano ya mudomo tu, bila karatasi, iko na nguvu?

"Ndiyo, iko na nguvu," Bauma akajibu.

Nikashtuka. Mimi niliyepoteza ngombe muzima juu ya mapatano ya mudomo! Nikawaza, masikini, amechoka, nimuokoe, nikaandika "Hapana", tena nikaongeza sababu tatu (moja ilikuwa ile ngombe yangu).

Profesa, aliyekuwa ameketi inje, akaingia, akachukua karatasi, akasoma kwa sauti.

Bauma akasimama. "Profesa, mimi sikusema vile."

Jasho ikanishuka mpaka ku viatu. Profesa akaniangalia, kalamu ingali mukononi mwangu.

"Mwalimu, unamusaidia huyu, ao unafanya ekzame yako?"

Wanafunzi wangu wakacheka. Mama yake hakucheka. Profesa akakunja karatasi, akasema ekzame imeharibika, hajui tena jibu gani ni la nani.

"Basi uniulize yote tena," Bauma akasema polepole, "kwa mudomo, watu wote wasikie."

Akaulizwa yote, mpaka mvua ya mangaribi ikaanza kupiga mabati, mimi nimesimama ku kona kama mutoto mwenye azabu, nikiomba Mungu kimoyomoyo. Akapita ile ekzame.

Tukirudi Muheto alishika kiwiko changu kama kawaida. Kisha akasema: "Kaka, niliomba macho yako. Akili nilikuja nayo."

Mwaka uliofuata akaniita tena nimuandikie (sijui alipata wapi ule moyo). Tangu ile siku naandika kile nasikia, hata nikijua kabisa amekosea, nauma midomo, naandika. Na kila mara, mwenye kukosea nilikuwa mimi.