Stelingi Aliyefia Saluni

Walisema sitaweza. Mjomba Desire, aliyeuza simu jirani na saluni ya mama katikati ya jiji la Durban, alisema mtoto aliyejifunza Kiingereza juzi hawezi kuwatafsiria wateja wa saluni sinema za Wamarekani wanaoongea kwa pua. Afadhali televisheni ioneshe mpira. Mama akanipa likizo moja ya shule nijaribu. Saluni ilinuka dawa ya nywele na rasta zilizochovywa maji ya moto, nami nilisimama kando ya televisheni na kanda za video ambazo mama alipewa kwenye nyumba moja ya zamani kule mtaa wa Glenwood. Zote zilikuwa za mwigizaji mmoja wa Kimarekani wa enzi hizo, mwenye mabega mapana na sauti ya kukwaruza.

Nilifanya jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria: nilizipanga kanda kwa umri wake, nikawasimulia maisha yake yote ya kazi. Katika zile za mwanzo alikuwa jambazi mdogo, akipigwa risasi kabla wateja hawajakaa vizuri. Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge, alinigombeza. "Weye mutoto, stelingi hakufake." Nikamjibu kwamba kweli stelingi, shujaa wa sinema, hafi, ila huyu bado hajawa stelingi, bado ni kibarua. Saluni ikacheka. Baada ya hapo walikuja hata wasiosuka, wamwone akipanda cheo: askari, nahodha, hatimaye stelingi, mwenye sinema.

Kanda ya mwisho nilikuwa nimeitazama peke yangu kabla ya kuwaonesha. Humo amezeeka, anapigwa risasi, haamki. Mama Furaha, nywele nusu zimesukwa, akauliza, "Iko analala?" Hata Mjomba, sasa naye mtazamaji, alinikonyeza nidanganye, nami nilijua wateja wakikasirika, mpira unaingia kwenye televisheni jioni hiyo hiyo.

"Amekufa," nikasema. "Na mwenyewe, kule Amerika, alishakufa kabla sijazaliwa."

Mama alizima draya.

Siku hizi nimerudi Durban na diploma ya sauti za filamu, nina studio yangu mtaa wa Berea, na watu wazima wanaomba miadi ili niwatilie sauti kwenye filamu zao. Najivunia, wala sifichi. Ila hakuna mteja wa studio aliyewahi kunifanyia alichonifanyia Mama Furaha siku ile. Nywele zake zilipokwisha kusukwa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mwanangu," akasema, na wengine wakapanga foleni nyuma yake, Mjomba akiwa wa mwisho. Nikazipokea pole zote. Durban nzima, marehemu hakuwa na ndugu mwingine.